Miasumini yangu ya darini: tangu Agosti hadi leo

Jana alasiri nimechuma asumini 143, nimezihesabu moja moja kwenye kitambaa, na furaha niliyokuwa nayo nikamwita mamangu apande darini aje aone na magoti yake yale yanayomsumbua. Wacha nirudi nyuma niandike yote kabla sijasahau.

Nia yangu tangu mwanzo ni kupata maua ya vikuba, vile vishada vidogo vya maua ya kunukia wanavyojipamba navyo wanawake, hapa hapa nyumbani. Sisi tuko Kisauni, Mombasa, nikitaka kikuba cha arusi ni mpaka nivuke daraja la Nyali niingie mjini jioni, na foleni ile nikifika maua mazuri yashachukuliwa. Basi Agosti nikanunua miche 6 ya miasumini na miwaridi 2 ya pinki ile inayonukia, rehani nikaotesha mwenyewe kwa mbegu. Vyungu sikununua, nilichukua ndoo za rangi za lita 20 nikazitoboa chini kwa msumari wa moto, udongo mwekundu nikauchanganya na samadi ya mbuzi iliyooza sawasawa na makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa.

Makosa yalikuwa mawili na yote yalikuwa chini nisikoona. Chini ya kila ndoo nilitia vipande vya mawe ya matumbawe ili maji yashuke, maana uwanjani yako tele. Halafu nilikuwa namwagilia maji ya kisima, na kisima chetu ni cha chumvi. Septemba majani yakaanza kuungua kingoni, Oktoba yale machanga yakawa manjano huku mishipa yake imebaki kijani, mimi nikadhani ni njaa nikaongeza samadi, hali ikazidi kuwa mbaya. Yuko bi mmoja mtaani ameuza vikuba miaka mingi, alikuja akashika jani moja tu akaniambia, "Mwanangu, mti huu unakunywa bahari."

Alisema kweli. Maji yakikauka chumvi inabaki kwenye udongo, na ndani ya ndoo haina pa kwenda, kila siku inaongezeka. Na matumbawe ni chokaa, udongo ukizidi chokaa mwasumini hauwezi kuvuta madini ya chuma hata kama yamo, ndiyo ule umanjano. Nilipindua ndoo zote 6, mawe nikatoa nikaweka vigae vilivyovunjika, na Novemba vuli iliposhuka nikaweka pipa la lita 200 chini ya mfereji wa paa. Kila ndoo niliisafisha kwa maji ya mvua, namwaga mengi hadi yatiririke chini, nasubiri, namwaga tena, mara tatu. Mmoja ulikufa. Mitano ikarudi, na hadi leo nikiona jani jipya la kijani kibichi moyo wangu unatulia.

Kupogoa niliogopa sana lakini asumini huja kwenye chipukizi mpya, usipokata unapata majani tu. Mwisho wa Novemba nikakata kama theluthi ya kila tawi. Desemba katikati vikaanza kutokea vitumba, vitatu vitatu kwenye ncha, siku ya kwanza nilipata 11.

Sasa nachuma baada ya saa kumi alasiri, kitumba kikiwa cheupe kimenona lakini bado kimefunga, nakifunga kwenye kitambaa chenye unyevu kidogo naweka kwenye friji. Usikitie kwenye maji, kinakuwa hudhurungi. Magharibi zikitoka zinafunguka zenyewe na nyumba nzima inanukia. Waridi ni kinyume, hilo nakata alfajiri likiwa nusu limefunguka. Kikuba kimoja kwangu kinakula asumini kama 40, rehani kishada, petali za waridi na mkadi, na mkadi bado nanunua kwa sababu ule ni mti mkubwa hauingii kwenye ndoo.

Mwezi huu kaskazi imekausha kila kitu, pipa limeisha nanunua maji matamu ya mkokoteni, mtungi mmoja kwa siku mbili kwa ndoo zote. Ukavu huu umeleta wale buibui wadogo wekundu chini ya majani, wanafuma utando mwembamba kabisa. Naosha majani upande wa chini asubuhi, kila baada ya siku mbili, na wamepungua.

Binamu yangu anaolewa baada ya Ramadhani na ameniomba vikuba 10 vya usiku wa hina. Kwa sasa natoa 3 kwa jioni, na asumini haingoji, ya jana leo imeshachoka. Kwa hiyo leo asubuhi nimekata vijiti 12 vya urefu wa kiganja, nimevichomeka kwenye mchanga na makumbi, kila kimoja nimekifunika na chupa ya maji iliyokatwa, viko kivulini nyuma ya tanki. Hivi havitawahi arusi hii, najua, lakini mdogo wake naye kashachumbiwa.