Zamu ni ya mtu, si ya wimbo

Jana usiku nilishika daftari la majina kwenye karaoke. Dijei alikuwa peke yake, mitambo inamsumbua, akaniomba nimsaidie upande wa zamu. Ukiisikia, kazi yenyewe ni nyepesi: mtu analeta kikaratasi chenye jina lake na wimbo anaoutaka, unamwandika, zamu yake ikifika unamwita. Lakini tangu asubuhi naiwaza, na nimeona heri niandike nikiwa bado nakumbuka vizuri.

Wa kwanza kunifikirisha alikuwa kaka mmoja aliyeleta vikaratasi vitano kwa mpigo, vyote vina jina lake. Hakuwa na nia mbaya. Anapenda kuimba, na alikuwa amewahi kufika. Kama ningefuata foleni ya vikaratasi, angeimba nyimbo tano mfululizo na waliokuwa nyuma yake wangekaa zaidi ya dakika 20 wakimtazama. Nikamwandika mara moja tu, nikamrudishia vinne, nikamwambia, "Kaka, utaniletea kingine wenzio wote wakishaimba." Huo ndio msingi ninaouamini kwa moyo wote. Kila aliyejiandikisha aimbe mara moja kabla ya yeyote kuimba mara ya pili.

Wahandisi wa mitandao ya kompyuta walishakutana na jambo hilihili. Mwaka 1985 John Nagle aliandika kwamba foleni moja ya wote humnufaisha anayemwaga data nyingi kuliko wenzake. Akapendekeza kila mtumaji awe na foleni yake, nazo zizungukiwe moja baada ya nyingine. Hapo anayerundika anairefusha foleni yake mwenyewe, wengine hawaguswi. Nafurahi sana kwamba haki inaweza kukaa kwenye kanuni fupi kiasi hicho.

Shida ni pale watu wanapoendelea kuingia. Wimbo mmoja ni kama dakika 4. Ongeza dakika 1 ya kumwita mtu, kumkabidhi maiki na kusubiri ala zianze. Waimbaji 20 wanakula dakika 100 kwa mzunguko mmoja. Karaoke inayochukua saa 3 ina dakika 180, kwa hiyo mzunguko wa pili hautimii. Sasa mzunguko wa kwanza umekwisha, wanaingia watu watano wapya. Zimebaki dakika 80, yaani nafasi 16. Ukiwapeleka mkiani mwa wale 20, usiku utakwisha hawajagusa maiki, huku wakimtazama mtu aliyekwisha kuimba akipanda tena. Ukiwaweka mbele kwa kuwa hawajaimba kabisa, unawarudisha nyuma kwa dakika 25 wale waliowahi. Wakija watano wengine, unawarudisha tena. Methali inasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenye daftari la karaoke mgeni akija mwenyeji anachelewa, na anayeshika kalamu hana budi kulikubali hilo waziwazi.

Aliyenionyesha uzito wake ni dada aliyeufungua usiku. Aliimba wa kwanza kabisa, viti vingi vikiwa vitupu, watu ndio wanatafuta pa kukaa. Mtu wa namna hiyo anatufanyia wema sote, maana karibu kila mtu anaogopa kuanza. Baadaye alikuja mezani, akaweka kidole kwenye jina lake la mara ya pili, akakipandisha taratibu akihesabu walio juu yake. Kidole kilipofika mwisho akasema, "Kumbe wameongezeka." Hakulalamika wala hakupaza sauti. Nilimwonyesha ni akina nani walioingia na kwa nini, nikamwambia, "Dada, wakipita wanne hawa, ni wewe." Akashukuru, akarudi kukaa. Kusubiri alikuwa yuko tayari kusubiri. Kilichomkera ni jina lake kuteremka kimyakimya, bila mtu wa kumpa sababu.

Alipoondoka nikachora mstari daftarini, chini ya jina la mwisho la mzunguko wa kwanza. Aliye juu ya mstari anaimba kabla ya mtu yeyote kurudia. Anayekuja baada ya mstari namchanganya na wanaorudia: wenyeji wawili, mgeni mmoja, kisha wawili tena, mgeni mmoja. Kwa hesabu ile ya juu, mgeni wa kwanza anangoja dakika 10 na wa tano dakika 70, kwa hiyo wote watano wanaimba kabla hatujazima mitambo. Aliyefungua usiku hapotezi hata dakika moja. Walio mkiani ndio wanaoumia, na wengine wao hawatarudia kabisa usiku huo, lakini angalau kila mmoja wao ameimba mara moja. Sijaona njia ambayo haimuumizi mtu, na kati ya nilizozifikiria hii ndiyo ninayoweza kumweleza yeyote huku namtazama usoni.

Pesa za kuruka foleni nilizikataa, na sina zaidi la kusema juu ya hilo. Kishawishi kikubwa zaidi kilikuwa cha sauti nzuri. Kuna mmoja anaimba hadi unasahau ulikotoka, na watu walinijia mara kwa mara: mpandishe tena yule, watu wanachangamka. Niliwaelewa, hata mimi nilitamani kumsikia. Lakini karaoke ilianza kwa ajili ya yule asiye mwimbaji. Daisuke Inoue, mpiga kinanda wa Kobe huko Japani, alitengeneza mashine yake mwaka 1971 ili wateja wa baa waweze kuimba bila yeye kuwepo kuwapigia. Ilikuwa mashine ya sarafu, na sarafu haiulizi kama sauti yako inapendeza. Mwaka 2004 alipewa tuzo ya Ig Nobel ya Amani, kwa kuwaletea watu njia mpya kabisa ya kujifunza kuvumiliana. Tuzo hizo huwa za kuchekesha, ila sababu hiyo mimi naichukua kwa uzito wote. Nakuvumilia unapopotea kwenye kiitikio kwa sababu najua nawe utanivumilia nikipanda. Zamu zikianza kugawiwa kwa uzuri wa sauti, makubaliano hayo yamevunjika, na wengi wetu tunageuka wasikilizaji tulioandika majina bure.

Wanaoimba wawiliwawili nawahesabia zamu wote wawili, vinginevyo mtu mmoja atapanda na kila rafiki yake usiku kucha. Jana nililegeza kanuni hiyo kwa binti ambaye hajawahi kuimba mbele za watu. Alimwomba mwenzake asimame naye tu, na yule mwenzake alifungua mdomo kwenye kiitikio tu. Zamu nikamwandikia binti. Aliyeitwa akawa yuko nje nampitisha mmoja, kisha namwita tena. Kumtupa mkiani kwa sababu alikwenda msalani ni ukatili.

Bado kuna jambo moja sijalimaliza na dijei. Mwishoni huwa kuna majina mengi kuliko muda, na desturi yake ni kuendelea kupokea vikaratasi hadi taa zinawashwa, asimvunje mtu moyo. Naona hapo ndipo tunapowadhulumu watu zaidi. Mtu ameandika jina, amechagua wimbo, amekaa akiyapitia maneno kichwani kwa saa nzima, na nafasi yake haikuwepo tangu alipoandika. Ni bora aambiwe palepale mezani, "Leo hutafikiwa, ila juma lijalo jina lako litaanza juu." Nimemwomba pia atumie skrini: wimbo mmoja ukiisha, kabla mwingine haujaanza, yaonekane majina matano yanayofuata, mtu asilazimike kuja kuuliza. La skrini amelikubali. La kuwaambia watu kwamba hawatafikiwa amesema anaona vigumu, nami nimemwambia nitalifanya mimi.