Tarehe, majina na saa: kutoka kwenye shajara ya msaidizi wa kisheria

Wiki imekwisha na kichwa bado kimejaa tarehe. Nadhani kila anayewasaidia mawakili kuwatetea wahamiaji waliozuiliwa hapa Marekani huishia hapo. Walio nje ya kazi hii hudhani maombi ya hifadhi hukataliwa kwa sababu jaji hakuguswa na mateso ya mtu. Mara nyingi mateso yenyewe hayana mbishi. Ubishi unakuja kwa kuwa mpakani alisema tukio lilikuwa mwezi wa tatu, kwenye fomu ikaandikwa Aprili, na mbele ya jaji akasema ilikuwa karibu na Pasaka.

Sheria ya REAL ID ya 2005 inamruhusu jaji, akiyapima mazingira yote ya kesi, kumwona mwombaji si mkweli kwa hitilafu yoyote katika maelezo yake, hata isiyogusa kiini cha madai. Ndiyo maana naiheshimu sana kazi hii ambayo haionekani mahakamani. Wakili ndiye atakayesimama na kujenga hoja, lakini jalada ambalo tarehe zake hazigongani hutengenezwa na msaidizi, wiki kadhaa kabla, kwa simu zinazokatika na karatasi zinazochelewa.

Kwanza mtu apatikane. Mtandao wa ICE, idara ya serikali inayowakamata na kuwazuilia wahamiaji, wa kutafuta waliozuiliwa unakubali njia mbili: namba A, yaani namba ya jalada la mhamiaji yenye tarakimu tisa, pamoja na nchi aliyozaliwa, au jina kamili pamoja na nchi hiyo. Kwa jina, herufi moja tu ikikosewa hutoki na kitu. Mkongomani mwenye majina matatu anaweza kuwa ameandikwa kwa mpangilio wowote, kwa hiyo yazungushe yote. Ambaye jina lake la kwanza halikujulikana huandikwa FNU, basi jaribu na hilo. Nchi ya kuzaliwa nayo hupotosha: aliyezaliwa kambini Tanzania anaweza kuwa amesajiliwa kama mzaliwa wa Burundi. Akiwa safarini kutoka kizuizi kimoja kwenda kingine huenda asionekane popote. Familia huingiwa na hofu kwamba ameshafukuzwa nchini. Waambie ukweli huo mapema, na utafute tena asubuhi na jioni.

Namba A ikipatikana, mengi hufunguka. Kwa namba hiyo mfumo wa kiotomatiki wa mahakama za uhamiaji unakuonyesha jaji na tarehe ya shauri. Iandike kwenye kila karatasi inayotoka ofisini, bila kuiamini kumbukumbu ya kichwa. Tarakimu mbili zikipishana, hati yako inaingia kwenye jalada la mtu mwingine.

Kuna mpaka ambao lazima uheshimiwe. Msaidizi wa kisheria hukusanya, hupanga, huandaa rasimu na hueleza utaratibu. Hamshauri mtu akubali au akatae kuondoka kwa hiari, wala hamwambii kesi yake ni nzuri au mbaya. Hiyo ni kazi ya wakili, au ya mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria kupitia shirika linalotambuliwa. Kinachoumiza ni kwamba maswali hayo ndiyo ya kwanza kuulizwa, kwa sauti ya mtu ambaye hajalala. Sheria inampa haki ya kuwa na wakili bila gharama kwa serikali, maana yake atafute mwenyewe au apate wa msaada. Mpango wa kuwaelekeza waliozuiliwa kuhusu haki zao, ulioanza 2003, ulikatiwa fedha 2025, na pengo lake linaonekana: watu wanafika kwetu wakiwa wamekwisha saini karatasi wasizozielewa. Ukisikia neno "nilisaini", usiendelee na orodha yako ya maswali. Uliza ni karatasi gani, lini, na nani aliitafsiri, kisha mpelekee wakili siku hiyo hiyo.

Fomu G-28 ndiyo inayomtambulisha wakili kwa ICE, na inahitaji sahihi ya mteja. Ya mahakamani ni EOIR-28. Bila G-28 ofisa ana haki ya kukataa kuzungumza nawe. Simu za kawaida za kizuizini hurekodiwa, kwa hiyo kwenye simu hizo ongea habari za miadi, afya na familia tu. Maelezo ya kesi yangoje simu ya kisheria iliyopangwa au ziara. Barua nayo iandikwe wazi kwenye bahasha kwamba ni ya kisheria. Viwango vya ICE vinataka ifunguliwe mbele ya mlengwa na isisomwe.

Sasa jalada lenyewe. Kabla ya kumuuliza mtu yaliyompata, tafuta alichokwisha kusema. Fomu I-213 ni maelezo ya ofisa aliyemkamata. Kama alihojiwa juu ya hofu ya kurudi kwao, kuna kumbukumbu ya mahojiano hayo, nayo mara nyingi ni muhtasari wa ofisa, si maneno yake neno kwa neno. Halafu kuna fomu I-589 ya kuomba hifadhi, inayotakiwa kuwasilishwa ndani ya mwaka mmoja tangu kuingia nchini. Kuzuiliwa peke yake hakusimamishi saa hiyo. Watu wengi walijaza I-589 wenyewe kizuizini, wakisaidiwa na mwenzao wa kitanda cha jirani, na nakala hawana.

Ziweke simulizi hizo kwenye jedwali moja: tukio, tarehe iliyotajwa mpakani, iliyotajwa kwenye mahojiano, iliyo kwenye fomu, anayosema leo, na hati gani inathibitisha. Ongeza safu moja mwishoni, iwe tupu, ya wakili kuandika. Jedwali hili ndilo roho ya jalada, na sijaona njia ya mkato. Hitilafu ikionekana, usimrekebishe mtu. Usimwambie "ulisema Machi, kwa hiyo ni Machi." Muulize alivyokumbuka, andika alivyojibu, na mwachie wakili aamue namna ya kueleza tofauti hiyo. Hitilafu iliyoelezwa mapema huwa na madhara madogo. Ile inayoibuliwa na wakili wa serikali wakati wa kuhojiwa ndiyo inayoangusha.

Hitilafu nyingi wala si za kumbukumbu. Ukiandika 3/4, Mmarekani anasoma tarehe 4 Machi, na mteja alikusudia tarehe 3 Aprili. Dawa yake ni rahisi: andika jina la mwezi kwa herufi, kila mahali. Wahabeshi wana kalenda yao, nyuma ya hii kwa miaka saba au minane kutegemea mwezi, yenye miezi 13 na mwaka mpya unaoanza Septemba. Mtu akikupa mwaka unaoonekana wa ajabu, uliza kwanza ni kalenda gani. Kuzaliwa tarehe 1 Januari ni alama nyingine. Wakimbizi wengi waliandikiwa tarehe hiyo na ofisa kwa sababu siku halisi haikujulikana. Wakili wa serikali akiona cheti cha ubatizo chenye tarehe tofauti, atauliza ni ipi ya kweli, na jibu liwe tayari kwenye maelezo ya kiapo.

Kwa wasemaji wa Kiswahili, saa ndiyo inayoumiza zaidi. Mtu anasema askari waligonga mlango saa nane usiku. Mkalimani asiye makini anaandika saa nane za Kimarekani, wakati ambapo watu bado wako macho na mitaa ina watu, na simulizi nzima inaanza kuonekana ya kubuni. Tena si kila msemaji wa Kiswahili anahesabu kwa namna moja, hasa kwa waliosoma kwa Kifaransa. Kwa hiyo usibadilishe saa kichwani mwako. Uliza kama jogoo alikuwa amewika, kama watu walikuwa wamekula cha usiku, kama kulikuwa na giza. Andika vyote viwili, alivyosema na saa inayolingana nayo.

Undugu una mtego wake. Anayesema "baba aliuawa 2017" halafu baadaye "baba yangu ananipigia simu" hajadanganya, wa pili ni baba mdogo. "Kaka" anayetaka kumdhamini ana wazazi wengine kabisa kwenye karatasi, kwa kuwa ni mtoto wa mama mkubwa. Chora mti wa ukoo katika kikao cha kwanza: aliyemzaa nani, aliyemlea nani, yuko hai au la. Kwenye watoto kuwa mwangalifu mara mbili. I-589 inataka watoto wote watajwe, popote walipo. Akishapata hifadhi, ana miaka miwili ya kumwombea mke au mume na watoto kwa fomu I-730, na mtoto ambaye hakutajwa mwanzoni atazua maswali magumu. Mtoto wa marehemu dada anayelelewa naye aandikwe kwa hali yake halisi, na wakili ajulishwe.

Kuhusu tarehe ambazo mtu hazikumbuki, usimbane. Aliyepita kwenye mateso hakumbuki kwa kufuata mstari. Tafuta nguzo za kushikilia: masika au kiangazi, Ramadhani, mitihani ya shule, kabla au baada ya mtoto kuzaliwa. Kisha andika "takribani" au "mwishoni mwa". Neno "takribani" ni la kweli na linamlinda. Tarehe kamili ya kubahatisha itamfuata hadi kwenye rufaa.

Maelezo yakikamilika, asomewe yote kwa lugha anayoielewa vizuri kabla ya kusaini. Mbembe au Mnyamulenge anaweza kuongea Kiswahili cha sokoni bila wasiwasi na akashindwa kueleza ubakaji kwa lugha hiyo, kwa hiyo muulize huota kwa lugha gani, si anaongea zipi. Aliyetafsiri aambatanishe cheti kinachosema anazimudu lugha zote mbili na kwamba tafsiri ni sahihi na kamili, chenye jina, sahihi, anwani na simu. Hati ya lugha ya kigeni isiyo na cheti hicho inaweza kukataliwa, hata kama ni hati ya kifo ya baba yake. Nimekasirishwa na jambo hili mara nyingi kuliko jingine lolote, maana ni ukurasa mmoja tu unaokosekana.

Dhamana nayo imebadilika sana. Kwa wanaostahili kusikilizwa, jaji hupima kama mtu ni hatari na kama atatoroka, na mzigo wa kuthibitisha kwa kawaida uko kwa aliyezuiliwa. Kiwango cha chini kisheria ni dola 1,500. Hakuna cha juu, na ICE hutaka kiasi chote. Barua ya mdhamini itaje uhusiano halisi, anwani atakapoishi, nani atampeleka mahakamani, na kipato; iambatane na kitambulisho, uthibitisho wa hadhi ya uhamiaji ya mdhamini, bili ya nyumba na karatasi za kodi. Barua kumi za kumsifu tabia haziwezi kuziba pengo la anwani isiyothibitishwa.

Muulize pia kila alipowahi kukamatwa, hata kama kesi ilifutwa. Sheria ya Laken Riley ya Januari 2025 inalazimisha kuzuiliwa kwa baadhi ya wahamiaji walioshtakiwa au kukamatwa tu kwa wizi, hata wa dukani, bila hukumu. Nakala ya mahakama iliyothibitishwa, inayoonyesha hasa kosa gani na liliishaje, huomba muda, kwa hiyo iagizwe siku ya kwanza.

Septemba 2025 Bodi ya Rufaa za Uhamiaji iliamua kwamba majaji wa uhamiaji hawana mamlaka ya kutoa dhamana kwa walioingia bila kukaguliwa mpakani, hata walioishi nchini miaka mingi. Majaji wengi wa mahakama za shirikisho wameupinga msimamo huo katika maombi ya habeas corpus, yaani ya kuitaka mahakama ipime kama mtu amezuiliwa kihalali, na hapo kazi ya msaidizi imepata uzito mpya. Ombi la habeas hupelekwa katika wilaya ambako mtu amezuiliwa wakati linapowasilishwa. Akihamishwa baadaye, mahakama ile hubaki na mamlaka. Akihamishwa saa moja kabla, umekwenda mahakama isiyohusika. Kwa hiyo siku ya kuwasilisha, hakiki mahali alipo asubuhi, hakiki tena dakika chache kabla wakili hajabonyeza kitufe cha kuwasilisha, hifadhi picha ya ukurasa wa utafutaji yenye saa, na andika jina la ofisa aliyejibu simu.

Akiachiwa, usifunge jalada. Mahakama bado inayo anwani ya kizuizini, na wito utatumwa huko. Asipofika, ataamriwa kuondolewa nchini bila kuwapo. Fomu EOIR-33 ya kubadili anwani ijazwe ndani ya siku tano, tena kila anapohama, na nakala imfikie wakili wa serikali. ICE nayo ijulishwe kivyake, kwa kuwa kuiambia mahakama si kuiambia ICE. Aliyelipa dhamana naye atunze stakabadhi na mkataba wa I-352, na akihama ajaze I-333, la sivyo taarifa ya kurudishiwa fedha zake itaenda kwenye nyumba ambayo hakai tena.