Shauri la mtu nisiyemjua

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nilikuwa nimeandaa neno la shukrani ya mavuno, nimeliweka kando. Kuna daftari limeninyima usingizi wiki nzima.

Ni lile daftari la kamati yetu ya diakonia, yaani ya kusaidia wahitaji, linalokaa kwenye droo pamoja na bahasha za kaki. Lina safu tatu: jina, tarehe, kiasi. Jumapili iliyopita mvua ilitukamata kanisani baada ya ibada, nikajikuta benchi moja na mama mjane ambaye nilikuwa namjua kwa sura tu. Jina lake limo mle mara tatu mwaka huu. Mara tatu tumempa shilingi 20,000, tukamwombea, tukamwambia Mungu akutangulie. Ile mara ya tatu, nakiri mbele zenu, nilipomwona mlangoni nilishusha pumzi: huyu tena!

Mvua haikuwa na haraka, tukazungumza. Mtoto wake kalala mapajani, kafunikwa kanga. Ndipo nikasikia kwamba marehemu mumewe aliacha kiwanja na vyumba viwili, karatasi zote kazishika shemeji. Alipokwenda Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi aliambiwa alete muhtasari wa kikao cha ukoo, na shemeji kila akiombwa kuitisha kikao ana safari. Mama wa watu anahama vyumba vya kupanga tangu mwaka jana. Nikamuuliza, mbona hukutuambia? Akajibu bila hasira, "Siku ile nilianza kusema, mkanyanyuka kuomba."

Ayubu anapojitetea katika sura ya 29 anasema alimwokoa maskini aliyelia, akaufanya moyo wa mjane uimbe. Hayo tunayahubiri. Mstari wa 16 huwa tunaupita mbio: shauri la mtu asiyemjua, yeye alilichunguza. Hakungoja aletewe. Alikaa nalo mpaka akalielewa.

Binti wa dada yangu anasoma ustawi wa jamii, yuko kwangu likizo. Nilipomsimulia akaomba kuliona hilo daftari, akalifunua, akacheka. "Mama mdogo, hili ni daftari la duka." Kisha akanieleza habari za Mary Richmond, mmoja wa waanzilishi wa kazi ya ustawi wa jamii, na tangu hapo huyo mama wa Marekani hajatoka kichwani mwangu.

Alizaliwa 1861, mama yake akafa yeye akiwa mdogo, akalelewa Baltimore na bibi yake na mashangazi. Chuo kikuu hakusoma. Mwaka 1889 aliajiriwa na shirika la hisani la mji ule kama msaidizi wa mweka hazina, yaani mtu wa mahesabu kama mimi. Lakini alitoka kwenye vitabu vya fedha akaanza kuzitembelea familia zenyewe, na miaka miwili baadaye akawa katibu mkuu wa shirika. Mwaka 1897, huko Toronto, alisimama mbele ya mkutano akasema kazi hii inahitaji shule, kwamba moyo mwema peke yake hautoshi. Mwaka uliofuata mafunzo ya kwanza yakafunguliwa New York wakati wa kiangazi. Kitabu chake kikubwa kilitoka 1917, kurasa zaidi ya 500, na karibu zote ni juu ya jambo moja: namna ya kumwelewa mtu kabla ya kumsaidia. Uanze kwa kumsikiliza mwenyewe, kwa utulivu. Kisha familia. Kisha ndugu, daktari, mwalimu wa mtoto, mwajiri, jirani, na karatasi zilizopo. Alikuwa akisema kuna kuitengeneza jamii kwa jumla, watu wote kwa pamoja, na kuna kuitengeneza kwa rejareja, na yeye aliitetea rejareja. Mtu mmoja, shauri moja.

Wako na wengine. Alice Salomon alifungua shule ya wanawake ya kazi hii Berlin mwaka 1908, na 1937 utawala wa Hitler ukamfukuza nchini kwa kuwa alizaliwa Myahudi, japo alikuwa amebatizwa. Jane Addams wa Chicago wengi mmemsikia, yule wa Nobeli ya Amani ya 1931. Lakini mimi wiki hii nimebaki na Mary na rejareja yake.

Tusidanganyane, mashirika yale ya hisani yalikuwa na ubaya wao. Maskini wengi waliyaogopa, maana uchunguzi ulikuwa wa kuwapima nani anastahili na nani mvivu. Na hapa, wapendwa, naomba mnivumilie, maana nasema nasi wenyewe. Sisi tunachunguza sana! Mjane akifika tunamuuliza: jumuiya unahudhuria? Ahadi umemaliza? Mtoto kabatizwa? Tukiridhika tunampa bahasha, tukitilia shaka tunampa mistari. Huko ni kumchunguza mtu. Ayubu alichunguza shauri. Nimekuwa mzee wa kanisa miaka tisa na sijawahi kumuuliza hata mmoja, "Ilikuwaje mpaka ukafika hapa?" Niliogopa jibu, kwa sababu jibu lingenitaka nauli, siku nzima, na pengine kugombana na shemeji wa mtu. Bahasha ilikuwa rahisi kwangu. Bwana anisamehe.

Usiniambie huna elimu ya hayo. Kusikiliza hadi mwisho unaweza. Kusindikizana na mtu hadi ofisi ya serikali ya mtaa unaweza. Pale unapokwama, kata yetu ina afisa ustawi wa jamii. Mimi nilimjua jina juzi tu.

Jumanne tunakwenda kwa shemeji, mimi, mwinjilisti na huyo mama, kumwomba aitishe kikao. Tuombeeni asiwe na safari. Na mtoto atahitaji mtu wa kukaa naye kuanzia saa mbili asubuhi. Anayeweza anijulishe kabla ya Jumatatu jioni.