Tati ya Barbès, duka la familia lililowavisha wasio na kitu

Kwa siku kadhaa sasa nimekuwa nikizungumza na jamaa zangu, wa Bukavu na wa hapa Paris, juu ya Tati, duka la nguo za bei nafuu lililokuwa hapa Paris, na nimeona afadhali niyaandike mazungumzo hayo kabla hayajapotea. Watu wa rika langu wanaikumbuka kwa mfuko wake wa plastiki wenye miraba ya waridi na nyeupe, ambao kila msafiri aliyerudi nyumbani kutoka Ufaransa alishuka nao ukiwa umejaa nguo za watoto, soksi na mashuka. Wachache wanajua kwamba nyuma ya mfuko huo palikuwa na familia moja, familia ya Ouaki, iliyolimiliki duka hilo kwa zaidi ya miaka 50, ikalikuza hadi likajulikana Ufaransa nzima, kisha ikalipoteza mahakamani.

Jules Ouaki alikuwa Myahudi wa Tunisia, mzaliwa wa La Goulette, mji wa bandari ulio karibu na Tunis. Mwaka 1948 alifungua kiduka cha mita za mraba 50 kando ya barabara ya Rochechouart, pale Barbès, kaskazini mwa Paris, akakipa jina la Tati kwa kuzigeuza herufi za Tita, jina ambalo mama yake aliitwa nyumbani. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha miaka mitatu tu kabla, bidhaa zilikuwa bado adimu, na mtaa wenyewe ulikuwa wa vibarua na wahamiaji, ambao treni ya metro inapita juu ya vichwa vyao kwenye daraja la chuma.

Jambo alilolifanya Ouaki linaonekana dogo leo kwa sababu kila mtu amelizoea. Katika maduka mengi ya nguo ya wakati ule, mteja alisimama mbele ya kaunta, akaeleza anachotaka, akashushiwa kimoja kimoja na muuzaji ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kumpima kama ana uwezo wa kulipa. Ouaki aliiondoa kaunta hiyo. Alimwaga mali katika masanduku makubwa yaliyo wazi, chupi huku, mashati kule, bei ikiwa imeandikwa juu kwa herufi kubwa, akamwacha mteja ashike, avute, alinganishe na arudishe bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa mwanamke aliyekuwa hajui Kifaransa vizuri, au aliyejua kwamba akiingia duka la kawaida angefuatwa nyuma kila hatua, hiyo ilikuwa heshima kubwa, na naamini ndiyo iliyojenga Tati kuliko hata bei zenyewe.

Shangazi yangu, aliyefika Paris katika miaka ya 1980 na kufanya kazi ya usafi katika ofisi, ndiye aliyenifundisha kununua pale. Alifika asubuhi kabla watu hawajajaa, na kabla ya kugusa chochote alizunguka ghorofa nzima akitazama bei. Kisha alirudi kwenye sanduku alilolichagua, akakunja mikono ya blauzi yake, akaanza kuchakura. Soksi ndefu za nailoni alizitanua kwa vidole na kuzielekeza kwenye mwanga ili aone kama kuna uzi uliofumuka. Shati la mtoto aliligeuza ndani nje, akakagua mshono wa kwapani na wa kola, akavuta kila kifungo. Pembeni yake walikuwa wanawake wa Algeria, wa Mali, wa Ureno na Wafaransa wenyewe, wote wakifanya vivyo hivyo, mikono ikigongana ndani ya sanduku moja. “Mwanangu,” alikuwa akiniambia, “bei ndogo si sababu ya kubeba nguo mbovu.” Baada ya hapo tulitembea hadi Château Rouge, kituo kinachofuata, kununua majani ya muhogo na samaki wakavu, na mfuko wa miraba ukatangulia mbele yetu kama kitambulisho cha mtaa.

Ouaki aliweza kuuza rahisi kwa sababu alinunua kwa namna yake. Alichukua kwa wingi mali iliyowabakia wenye viwanda, akalipa taslimu, akaridhika na faida ndogo kwa kila kipande ilimradi vipande vitoke haraka. Kauli yake ya biashara, kwamba Tati ina bei za chini kabisa, ilikuwa hesabu anayoijua kila muuza mitumba wa Kadutu, kule Bukavu: fedha iliyolala ndani ya robota ni hasara, hata kama robota lenyewe ni zuri. Kadiri fedha zilivyoingia, alinunua jengo la jirani, na la jirani yake, mpaka Tati ikashika sehemu kubwa ya kona ile ya Barbès. Baadaye alivuka mto Seine, akafungua duka katika barabara ya Rennes, kwenye upande wa mji wenye watu wa kipato kizuri, na jingine katika uwanja wa République.

Ni mbele ya duka hilo la Rennes ambapo tarehe 17 Septemba 1986 bomu lililipuka na kuua watu 7, na wengine zaidi ya 50 wakajeruhiwa. Ilikuwa Jumatano, siku ambayo watoto wa shule za msingi za Ufaransa hawakuwa na masomo, na akina mama walikuwa wamewapeleka kununua nguo. Kila nisomapo juu ya shambulio hilo namwona shangazi yangu na masanduku yake, kwa kuwa waliokuwa pale walikuwa watu wa namna yake, waliotoka nyumbani kutafuta sweta la bei nafuu.

Jules Ouaki alikuwa amekwisha kufariki mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1980, na uongozi ukabaki ndani ya familia. Mwaka 1991 ulimfikia mwanawe Fabien, kijana aliyependa muziki na aliyekuwa ameifuata dini ya Kibudha. Mwaka huohuo mbunifu Azzedine Alaïa, mzaliwa wa Tunisia kama Jules, alitumia miraba ya Tati katika mavazi yake ya kifahari, na kwa muda kitambaa cha mfuko wetu kikapita mbele ya kamera mabegani mwa wanamitindo maarufu kabisa duniani. Nimewahi kuwasikia watu wakisema kwamba huo ndio uliokuwa mwanzo wa majivuno yaliyoiangusha Tati. Mimi sikubaliani nao. Alaïa aliuona uzuri wa kitu ambacho wengine walikionea aibu, na wateja wa Barbès walijivunia jambo hilo.

Hatari ilikuwa mahali pengine. Mwaka 1994 familia ilianzisha Tati Or, maduka ya vito vya dhahabu kwa bei ya chini, na ikafuata miwani, ikafuata safari za likizo, matawi katika miji mingine ya Ufaransa, hata duka la magauni ya harusi katika Fifth Avenue ya New York. Magauni ya harusi nayaelewa, kwa maana bibi harusi asiye na fedha alikuwa ametoka Barbès na gauni na shela kwa miaka mingi, na hiyo ilikuwa kazi ambayo Tati iliijua. Lakini duka linalouza kwa faida ndogo linaishi kwa wingi wa watu wanaopita mlangoni, na wingi ule wa Barbès haukuweza kuhamishwa pamoja na jina. Kila tawi jipya lilikuja na kodi yake, mishahara yake na stoki yake, na baba mwenyewe, aliyejua kununua kwa kutazama mzigo na kutoa fedha palepale, hakuwapo tena.

Hata hivyo naona si haki kumbebesha mwana lawama yote. Wakati familia ikitanua jina lake, bei ya chini iliacha kuwa mali yake peke yake. Kiabi, iliyoanza mwaka 1978 kaskazini mwa Ufaransa, iliwavuta wenye magari kwenye maduka ya nje ya miji. Zara ilifika Paris mwaka 1990 na H&M mwaka 1998, zikileta nguo nafuu zenye mtindo wa msimu uleule, na binti wa mteja wa Tati akataka kununua huko. Shangazi hakuona aibu kubeba mfuko wa miraba; binamu yangu, aliyezaliwa na kusoma hapa, aliomba ununuzi wake uhamishiwe kwenye mfuko mwingine kabla ya kupanda metro. Sijui kama kuna mwenye duka ambaye angeweza kumzuia.

Mwaka 2003 kampuni iliwasilisha mahakamani kwamba haiwezi tena kulipa madeni yake, na mwaka 2004 ikachukuliwa na kampuni tanzu ya Eram, kundi la wauza viatu ambalo nalo ni la familia. Eram ilijaribu kwa zaidi ya miaka 10, ikafungua matawi mapya, lakini kufikia 2017 Tati ilikuwa tena mikononi mwa mahakama. Wakati huo Primark, maduka ya nguo kutoka Ayalandi, nayo ilikuwa imekwisha kuingia Ufaransa, tangu mwaka 2013, ikiwa na bei ambazo hata Jules Ouaki angezistaajabia. Mahakama iliikabidhi Tati kwa mwenye GiFi, maduka ya vitu vya nyumbani vya bei nafuu, aliyeahidi kubakiza zaidi ya wafanyakazi 1,400. Wengi wao walikuwa wanawake waliokuwa wameandamana miezi ile kutetea ajira zao, na baadhi walikuwa wamefanya kazi pale tangu usichana wao. Miaka michache baadaye matawi yaligeuzwa kuwa GiFi au yakafungwa, na mwaka 2021 likafungwa lile la Barbès.

Shangazi sasa ananunua nguo katika soko la Saint-Denis, kwa wachuuzi wanaomwacha ashike na kugeuza, na anawalipa taslimu. Wajukuu wake wamemwonyesha namna ya kuagiza kwa simu, ambako bei mara nyingi ni ndogo kuliko za sokoni. Hataki. Anasema hawezi kukagua mshono wa kwapani kwenye picha, na katika hilo sina la kumjibu.