Glavu za Kabatini

Agosti 2022 tulikutana Morogoro, watu saba, kwenye ukumbi mdogo unaotazama milima ya Uluguru. Tulipewa siku tatu za kuandaa kitini cha somo la rushwa katika huduma za afya, kwa wanafunzi wa uuguzi na utawala wa afya wa mwaka wa tatu. Wanne tulikuwa walimu wa chuo, wa tano mwanasheria, wa sita mfamasia. Wa saba alikuwa muuguzi mkunga mstaafu. Huyo aliitwa siku mbili kabla, baada ya mwenzetu mmoja kugundua kwamba tunataka kuandika habari za leba na hakuna kati yetu aliyewahi kukesha humo akiwa kazini. Wote tulimwita Sista.

Sura ya kwanza ilikuwa yangu na nilikuja nayo imekamilika. Ilianza na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Na. 11 ya 2007. Ikafuata Tume ya Warioba, ile ya kuchunguza rushwa nchini, ambayo mwaka 1996 ilitofautisha anayepokea kwa sababu mshahara haumfikishi mwisho wa mwezi na mkubwa anayepokea kwa tamaa. Nyuma yake niliweka kanuni ya mwanauchumi wa Marekani, Robert Klitgaard, ya mwaka 1988, inayojulikana na kila anayefundisha mambo haya: rushwa ni ukiritimba, jumlisha hiari ya kuamua, ondoa uwajibikaji. Mwishoni kulikuwa na kisa cha wanafunzi kujadili, nusu ukurasa. Mjamzito anafikishwa hospitali usiku. Nesi anamtazama mume na kumwambia, "Si mnajua taratibu?" Mume anatoa 15,000, na mke anahudumiwa. Chini yake niliweka maswali matatu.

Siku ya pili asubuhi nikaisoma kwa sauti. Wenzangu wakasahihisha maneno hapa na pale. Sista hakusema kitu. Alikuwa amevaa miwani yenye mkufu, na kalamu yake imesimama kwenye kile kisa. Nikamuuliza ana maoni gani.

"Mwalimu," akasema, "leba yako haina glavu."

Sikumwelewa. Nikamwambia habari ya glavu tutaigusa sura ya nne, kwenye ununuzi na ugavi.

"Hapana, mwanangu. Huyu nesi wako ni saa ngapi hapa? Yuko na nani zamu? Wamelala wangapi? Glavu zimebaki ngapi, na ufunguo anao nani? Umemleta tu anadai hela. Mtu haamki nyumbani kwake akaenda kazini kudai hela."

Akaweka kalamu chini na kutusimulia. Ninaandika kama ninavyokumbuka, maana hakuna aliyekuwa akirekodi, na nadhani ndiyo maana alisema.

Katika hospitali aliyofanyia kazi miaka ile, glavu ziliweza kukatika wiki nzima. Boksi likifika, kila mkunga alichukua jozi chache akazifungia kwenye kabati lake, kwa sababu kesho hakuna anayejua. "Nilimwekea yule atakayeletwa kwa baiskeli usiku, hana beseni, hana pamba, hana kitu. Huyo ndiye niliyekuwa namfikiria nikifunga kabati." Wajawazito walishaambiwa kliniki waje na vifaa vyao: glavu, pamba, wembe, uzi, mpira wa kulalia. Sera ilisema mjamzito hatozwi, na kila mtu wodini aliijua sera.

Usiku mmoja akaja mwanamume ambaye mkewe alikuwa amefungua njia yote. Duka la dawa ng'ambo ya barabara lilikuwa limefungwa. Akasema, Sista nisaidie. Sista akafungua kabati, akatoa jozi mbili, mtoto akazaliwa salama. Asubuhi yule mwanamume aliacha noti ya elfu tano juu ya meza ya mafaili, chini ya kikombe.

"Sikuiomba. Sikuirudisha pia. Aliyekuwa kitanda cha pili aliona, akamwambia dada yake, dada yake akaja na yake mkononi. Kufika mwezi wa pili glavu zangu zilikuwa na bei, na mimi sijawahi kuitaja kwa mdomo wangu. Na yule wa baiskeli alipokuja, mwanangu, nilimwambia zimekwisha."

Ukumbi ulinyamaza. Namkumbuka akivua miwani na kuifuta kwa upindo wa kitenge, taratibu sana, lenzi moja, kisha ya pili, halafu akarudia ile ya kwanza.

Aliyefuata kusema ni mfamasia. Alisimama akachora ubaoni safari ya boksi la glavu: kutoka Bohari ya Dawa, kuingia stoo ya hospitali, kutoka stoo kwenda wodini. Kila kituo akaandika "leja". Alipofika mlango wa wodi akaweka chaki chini. Leja ya stoo inaandika kwamba boksi limetolewa wodini, basi, imeishia hapo. Haionyeshi jozi ipi ilikwenda kwa mama yupi. Vidonge vya Serikali hupigwa chapa ya GOT, yaani Serikali ya Tanzania kwa Kiingereza, kwa hiyo kikikutwa kwenye duka la mtu binafsi kinajitaja chenyewe kimetoka wapi. Glavu ikishatolewa kwenye boksi lake haijitaji.

Hapo ndipo niliielewa ile kanuni ambayo nilikuwa nimeifundisha miaka sita. Ukiritimba ni ufunguo mmoja mfukoni mwa mtu mmoja saa nane usiku. Hiari ni yeye kuamua nani aambiwe zipo na nani aambiwe zimekwisha. Uwajibikaji umeishia mlangoni, pale mfamasia alipoweka chaki.

Mwanasheria hakuridhika, na nilimheshimu kwa hilo. Alisema tukianzia kwenye uhaba tunampa mwanafunzi kisingizio kabla hajavaa sare. Kifungu cha 15 cha sheria kinamshika anayepokea na anayetoa, wala hakiulizi stoo kulikuwa na nini. Sista akamjibu kwa upole kwamba yeye hajajitetea popote katika maneno yake. Alisema anataka hao watoto waijue ile njia kabla hawajajikuta katikati yake.

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, hiki kisa umekiandika kwa hasira. Ulimlipa nani?"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote pale. Mwanangu wa kwanza alizaliwa mwaka 2008, katika hospitali nisiyoitaja. Nililipa. Noti ya elfu kumi na ya elfu tano, nimezikunja mpaka zikawa ndogo kama kiberiti, nikazipitisha mkononi tukisalimiana. Sheria ilikuwa na umri wa mwaka mmoja. Maneno "si mnajua taratibu" niliyasikia kwa masikio yangu, na kwa miaka 14 nilikuwa nimembeba yule nesi rohoni kama mhalifu na mimi kama niliyeibiwa. Kumbe kwenye kisa changu nilikuwa nimemfanya mume kuwa mtu asiye na hatia yoyote. Sijui kama mle wodini siku ile kulikuwa na glavu au hakuna. Sikuuliza. Niliona mkono tu.

Mchana ule tuliifuta sura ya kwanza karibu yote. Sheria tuliihamishia sura ya pili, neno kwa neno, na mwanasheria akaongeza ukurasa kuhusu mtoaji. Tulitumia saa nzima kwenye maneno, na kwangu ile ndiyo saa iliyokuwa na faida kuliko zote. Vitabu vya kigeni vina jina la upole, malipo yasiyo rasmi. Wodini hakuna anayesema hivyo. Wanasema chai, soda, asante, "umemwachia Sista chochote?" Tuliandika yote, tukaweka na takrima, neno la ukarimu ambalo liliwahi kuingizwa katika sheria ya uchaguzi hadi Mahakama Kuu ilipolitengua mwaka 2006. Mwanafunzi anapaswa kuona kwamba neno zuri linaweza kubeba kitu kibaya miaka mingi bila mtu kushtuka.

Kisa kipya kikaanza na kabati. Ni saa nane usiku, uko peke yako zamu, zimebaki jozi nne, wajawazito ni watatu, mmoja hana kitu. Mwanafunzi hatakiwi kueleza maana ya rushwa. Anaandika anachofanya kuanzia dakika ile hadi anapokabidhi zamu: anaandika wapi, anamwamsha nani, anamwambia nini mwanamume aliyeshika noti. Nyuma tuliambatisha daftari la glavu la wodi, lenye safu ya namba ya faili la mama na saini mbili, pamoja na namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, 113.

Tulikijaribu darasani Novemba. Nilimwomba Sista aje, akaketi nyuma, mkoba magotini. Baada ya mjadala aliomba kusema, na akawasimulia wanafunzi 40 na zaidi yale aliyotusimulia sisi, bila kupunguza. Alipomaliza, binti mmoja wa mstari wa mbele alinyoosha mkono.

"Shikamoo Sista. Yule wa baiskeli, uliyemwambia zimekwisha. Alijifungua vipi?"

"Marahaba, mwanangu," akasema Sista. Akakaa kimya kidogo. "Nilimpokea mtoto mikono mitupu. Walitoka salama wote wawili. Na glavu zilikuwa kabatini, jozi tatu."

Binti aliandika kitu kwenye daftari lake, akakipigia mstari chini. Nami nikaenda kufungua madirisha, maana darasa lilikuwa na joto.