Sarafu mbili mkekani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii usingizi umenipaa. Mama mmoja wa jumuiya yetu hapa Masasi, ambaye mtoto wake wa kwanza anaugua selimundu, ameambiwa hospitali kwamba na wa pili anayo. Mikono ya mtoto ilivimba hadi ngumi haifungi. Na mimi ndiye niliyemwambia mwaka jana, mbele za watu, ajichunguze, huenda lipo jambo hajalitubia.

Wanafunzi wa Yesu waliuliza vivyo hivyo walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu: ni yupi aliyetenda dhambi, huyu au wazazi wake? Yesu akajibu: si huyu wala wazazi wake. Nimeisoma Yohana 9 miaka yote hii, na bado niliuliza.

Jumatatu nilikwenda kumwomba radhi. Nikamkuta muuguzi mmoja, jirani yake, anamweleza kwa sarafu mbili za mia mbili. Moja ya baba, moja ya mama. Upande wa Karume ni kinasaba kizima, yaani chembe ya urithi isiyo na kasoro, upande wa simba ni cha selimundu. Wazazi wote wawili wamebeba simba mmoja mmoja, wala hawaumwi. Kila mimba ni kurusha upya. Karume wawili, mtoto hana kitu. Simba mmoja, anabeba tu kama wazazi wake. Simba wawili, anaugua, na nafasi yake ni 1 kati ya 4.

Tukarusha pale mkekani. Mara ya tatu wakatoka simba wawili. Mara ya nne, simba wawili tena. Mama yule akaziangalia zile sarafu kimya, kisha akasema, "Kumbe." Sarafu haikumbuki ilivyoanguka mwanzo, mtoto wa kwanza kuugua hakumkingi wa pili, wala hakumwongezei balaa.

Na kwa nini kinasaba hiki hakijaisha? Kwa sababu ya malaria. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kuwa anayebeba kimoja hupata kinga kiasi dhidi ya malaria. Kwa vizazi vingi watoto wabebaji walivuka homa, wakakua, wakazaa, nacho kikaendelea. Wapo wanaoshtuka wakisikia viumbe hubadilika hivyo. Mimi nasoma Mithali 16:33, kwamba kura hutupwa katika mikunjo ya nguo lakini hukumu zake zote ni za BWANA, na moyo wangu unatulia.

Sasa ninyi akina baba, nisikilizeni. Huku kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, basi likitokea baya mnasema limetoka kwa akina mama. Mume wa dada huyu amefunga mzigo wake, anasema kwao hakuna ugonjwa huu. Ndugu yangu, bila sarafu yako simba wa pili angetoka wapi? Rudi nyumbani. Mtoto analia usiku akishikwa na baridi, na mtu mmoja hawezi kuchemsha maji, kumkanda magoti na kumbeba mdogo kwa wakati mmoja. Rudi, kaka. Nitakuja kukufuata mwenyewe, na nitaanza kwa kukuungamia niliyomtendea mkeo.

Jumatano watoto wote wawili wanakwenda kliniki. Nauli ya kwenda ipo. Ya kurudi bado, na anatafutwa mtu wa kumshikia mmoja kwenye foleni.