Pindo, mji na jina: namna kanga ilivyonifundisha kutazama picha

Nilikuwa nimekwisha kubeba kamera kwa miaka mitatu, nikipiga picha za harusi na za kipaimara hapa Dar es Salaam, siku nilipoketi dukani kwa shangazi yangu katika Mtaa wa Uhuru na kumwona akimhudumia mteja aliyetaka kanga yenye wekundu uliokoza kuliko ule uliokuwa mbele yake. Nilidhani shangazi angepanda ngazi kutafuta doti nyingine katika rafu za juu. Hakupanda. Aliichukua doti ileile kutoka juu ya rundo la kanga za rangi ya chungwa, akaitandaza mezani juu ya kitambaa cha kijani, akamwambia mteja aitazame hapo, kisha atoke nayo nje aitazame juani. Yule mama alitoka, akarudi, akalipa.

“Shangazi, si ileile?” nilimuuliza.

“Ni ileile, mwanangu. Pale ilikuwa imemezwa na majirani zake. Rangi huwezi kuijua mpaka ujue imekaa na nani.”

Neno hilo lilinishughulisha kwa muda mrefu, kwa sababu mpaka siku hiyo nilikuwa nikiichukulia rangi kama mali ya kitu chenyewe: ukuta ni wa manjano, gauni ni la zambarau, basi. Nilipoanza kusoma nikakuta kwamba jambo lilelile liliwahi kumsumbua mkemia wa Ufaransa, Michel Eugène Chevreul, ambaye mwaka 1824 alikabidhiwa usimamizi wa kutia nyuzi rangi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, kinachofuma mazulia ya kutundikwa ukutani. Alikuta malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zinakosa nguvu zikitumika kufuma vivuli vya mavazi ya buluu na ya zambarau. Alizilinganisha nyuzi hizo na nyuzi nyeusi zilizotoka kwingine, akaona kwamba weusi wake haukuwa na kasoro yoyote. Kilichoufifisha ni ile buluu iliyokuwa kando yake, kwa kuwa jicho likitazama rangi moja huipaka rangi ya jirani kivuli cha rangi iliyo kinyume cha ile ya kwanza, na kinyume cha buluu ni chungwa. Kwa hiyo weusi ukikaa na buluu huonekana kama umechujuka. Chevreul aliyaandika matokeo ya uchunguzi wake katika kitabu kilichotoka mwaka 1839, na wachoraji wengi waliokuja baada yake walijifunza kutoka kwake.

Katika gurudumu la rangi la wachoraji, yaani duara ambalo rangi zimepangwa kuzunguka, nyekundu hutazamana na kijani, buluu na chungwa, manjano na zambarau, na rangi mbili zinazotazamana zikiwekwa pamoja kila moja humwamsha mwenzake. Rangi zilizo jirani katika gurudumu, kama nyekundu na chungwa, hutulizana, na wakati mwingine humezana kabisa, kama ile doti ilivyomezwa. Mwanga wa kioo cha simu una hesabu yake nyingine, inayojengwa na nyekundu, kijani na buluu, lakini kwa mtu anayesimama barabarani na kamera, gurudumu la wachoraji linatosha kuanzia.

Huwa napenda kuwakumbusha wanaojifunza kwangu kwamba lugha yetu yenyewe ina hekima katika jambo hili. Kiswahili kina rangi tatu tu ambazo ni vivumishi kamili vinavyobadilika kufuata ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingine zote tumezichukua kutoka kwenye vitu na kuziunganisha kwa -a: kijivu kutoka kwenye jivu, kahawia kutoka kwenye kahawa, manjano kutoka kwenye kile kiungo cha jikoni, zambarau kutoka kwenye tunda. Hizo tatu za kale ndizo rangi za kisutu, kanga ya harusi, na sidhani kama kuna mpangilio wa rangi ulio imara kuliko huo katika nguo zote za pwani yetu. Weupe na weusi ni ncha mbili za mwanga na giza. Wekundu unaingia katikati yake ukiwa peke yake, hauna rangi nyingine ya kugombana nayo.

Kisutu kilinifikisha kwenye mpangilio wenyewe, ambao wengi hufundisha kana kwamba ni somo jingine lisilohusiana na rangi. Kila kanga ina sehemu tatu: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maneno yanayokaa sehemu ya chini ya mji. Jaribu kuitazama picha yoyote kwa majina hayo matatu. Mpiga picha anayeanza huutazama mji peke yake. Anamwona bibi harusi, anamwona mtoto anayecheka, anabonyeza. Hakuzunguka pindo. Ndipo akifika nyumbani anakuta kona ya kushoto ina ndoo ya manjano iliyokatwa nusu, na upande wa juu kuna mkono wa mtu asiyejulikana ukining'inia, na kila anayeitazama picha macho yake yanakwenda kwenye ndoo kabla hayajafika kwa bibi harusi.

Ndoo hiyo inashinda kwa sababu rangi ina uzito. Doa dogo la manjano au jekundu lililokoza laweza kulemea nusu nzima ya picha yenye kijivu na kahawia, kama vile jiwe dogo la mizani linavyoweza kulinganishwa na fungu kubwa la pamba. Mtu akiniambia kwamba picha yake imeelemea upande mmoja, siulizi kwanza vitu vimekaa wapi. Nauliza rangi iliyokoza kuliko zote iko wapi, maana mara nyingi watu wamekaa sawasawa na kinachoiangusha picha ni fulana ya mpita njia. Kwa sababu hiyo sikubali tena kuyafundisha mambo haya katika siku mbili tofauti, moja ya rangi na moja ya mpangilio. Ukibadilisha rangi ya kitu umebadilisha na mahali pake katika picha, hata kama hakikusogea.

Kanuni ya theluthi, ile inayotutaka tuigawe picha kwa mistari miwili ya kulala na miwili ya kusimama kisha tumweke mhusika kwenye makutano, ina faida yake kwa anayeanza, kwa kuwa inamtoa kwenye mazoea ya kuweka kila kitu katikati bila kufikiri. Lakini nimeona ikigeuzwa kuwa sheria, na hapo sikubaliani. Kanga nyingi huweka pambo lake kuu katikati kabisa ya mji, na pindo lenye marudio ndilo linalolizuia jicho lisitoroke. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyeanza kuchora hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akitumia vipande vya mraba vya ubao mgumu na rangi ya kupakia baiskeli, mara nyingi aliweka mnyama mmoja anayejaza karibu ubao wote, na nyuma yake akaacha rangi moja tupu. Picha hizo zinasimama. Zinasimama kwa sababu ule uwanja mtupu umepimwa kwa ajili ya mnyama: rangi ya nyuma ni moja, haina vitu vya kuvuta jicho, na umbo la mnyama linasomeka hata ukiwa upande wa pili wa barabara. Tingatinga alifariki mwaka 1972, akiwa amechora kwa miaka michache tu, na bado naona kwamba picha zake za mwanzo zina utulivu ambao nyingi za zile zinazouzwa leo kwa wageni, zilizosheheni wanyama kila pembe, zimeupoteza.

Usomekaji huo wa umbo hauhitaji rangi hata kidogo, na aliyenionyesha hilo ni Seydou Keïta wa Bamako, Mali, aliyefungua studio yake mwaka 1948. Picha zake ni nyeusi na nyeupe. Pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitanda chake, na wateja wake walikuja wamevaa nguo zenye maua na michoro, hivi kwamba michoro ya nguo na michoro ya pazia ingeweza kabisa kumeza mtu. Haimmezi. Uso na mikono hubaki mahali pake, kwa kuwa aliangalia ni kipi kiwe na giza na kipi kiwe na mwanga. Tangu nilipozichunguza picha zile nimejizoesha kuigeuza kila picha yangu ya rangi kuwa nyeusi na nyeupe kwa dakika moja kabla ya kuikabidhi. Nyekundu na kijani zinazopigiana kelele katika rangi huweza kuwa kijivu kimoja zikiondolewa rangi, na hapo nagundua kwamba picha ilikuwa imesimama kwa mguu mmoja.

Kuhusu mwanga sina budi kusimulia kosa langu, kwa kuwa naona likirudiwa kila msimu wa harusi. Nilipiga picha za familia nzima saa saba mchana chini ya turubai la buluu, nikiamini kwamba nimewaepusha na jua kali. Turubai lile liliwapaka wote buluu. Vitenge vya chungwa vilikufa, shela jeupe likawa la samawati, na nyuso, ambazo zilipaswa kuwa na joto la kahawia, zikawa za majivu. Nilijaribu kurekebisha uwiano wa weupe kwenye kompyuta, yaani kuzirudisha rangi ili nyeupe ionekane nyeupe, lakini kila nilipoziokoa nyuso niliharibu majani ya migomba yaliyokuwa nje ya turubai. Siku hizi nawahamishia watu barazani, wakielekea ukuta mweupe wa ng'ambo unaopigwa na jua, ili mwanga uwarudie ukiwa safi. Jioni siisubiri sana, kwa kuwa mji wetu uko karibu nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta na jua huzama karibu wima. Ule mwanga wa dhahabu unaosifiwa kwingine hupita hapa upesi.

Na ngozi nyeusi ipimwe usoni. Kipimo cha mwanga cha kamera hudhani kwamba wastani wa kila kinachokiona ni kijivu, kwa hiyo kikikutana na kanzu nyeupe na ukuta mweupe hupunguza mwanga, na sura ya mtu inabaki kivuli. Kwa miongo mingi hata filamu za rangi zilipangwa kwa kupimia ngozi nyeupe: Kodak ilisambaza kwa maabara za kusafisha picha kadi zenye sura ya mwanamke wa Kizungu, zilizojulikana kwa jina la Shirley, na rangi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Tunaposema kwamba mtu fulani hatoki vizuri kwenye picha, tukumbuke kwanza ni nani aliyewekwa kuwa kipimo.

Limebaki jina. Kanga haina sentensi tatu, ina moja. Nina picha niliyoipiga alfajiri katika soko la samaki la Feri: mwanamume amebeba beseni la rangi ya chungwa, nyuma yake ubavu wa mashua uliopakwa buluu. Kwa miaka miwili niliionyesha picha hiyo na kila mtu aliniuliza kuhusu dumu jeupe lililokuwa kwenye ukingo wa kushoto. Nilikuwa nimeandika majina mawili kwenye mji mmoja. Nilipoukata ukingo ule, kwa upana usiozidi kidole, dumu likaondoka na beseni likabaki na mashua yake.

Nilimpelekea shangazi nakala. Alipitisha kidole kuzunguka pande zote nne, kama anavyokagua pindo la doti mpya kabla ya kuikata, hakusema neno, kisha akaibandika ukutani kati ya rafu mbili za kanga za buluu. Ukisimama mlangoni, kitu cha kwanza unachokiona dukani mwake ni lile beseni.